Jumamosi ya kocha asiye na bwawa

Saa kumi na nusu alfajiri naamshwa na bega, si alamu. Ni la kulia, lile nililolimaliza kwenye mabwawa ya Dar nikigombania mita 100 mtindo huru. Nachungulia nje: Ziwa Nyasa shwari, ingawa Julai ni msimu wa mwera, upepo wa kusini, na huwezi kuliamini. Nakunywa chai na kiporo cha ndizi, nabeba madumu manne, kamba ya manila na filimbi. Ndiyo vifaa vyangu vyote. Saa ya kuhesabia sekunde bado ninayo, ila betri iliisha mwaka juzi na sikununua nyingine.

Saa kumi na mbili watoto 17 wameshafika ufukweni Matema, wanatetemeka na kucheka. Tunaanza mapema kwa sababu ya kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono kwa wingi jua likishapanda, na konokono wenyewe hupenda matete na maji yaliyotulia. Kwa hiyo tunaingia mapema, penye mchanga mtupu, mbali na mdomo wa mto pia, maana kule kuna mamba. Dawa bado wanapaswa kumeza. Kuwahi kunapunguza hatari, hakuimalizi.

Kuna mvulana wa miaka tisa ambaye kwa wiki tatu amekataa kuelea. Namlaza chali, kiganja kimoja chini ya shingo, kingine kiunoni. Kila nikilegeza mkono ananyanyua kichwa anitazame, na kichwa kikinyanyuka miguu inashuka kama nanga.

"Unatafuta nini?"

"Naangalia kama umeniachia, Kocha."

"Nimekuachia zamani."

Akacheka, pumzi ikamtoka, akazama, akaibuka anakohoa. Tukaanza upya. Jaza kifua, masikio ndani ya maji, tazama lile wingu. Jua lilikuwa halijavuka Milima ya Livingstone. Nikahesabu kwa sauti, wenzake wakadakia, tukafika 40 kabla hajakumbuka kuogopa.

Mimi nilifunzwa kinyume. Siku ya kwanza nilipewa ubao, nikaambiwa piga miguu mpaka ukutani. Bwawani kila baada ya mita 25 unagusa ukuta, unapumua. Hapa ukuta wa pili uko Malawi, na katikati kuna mahali kina kinapita mita 700. Mtoto wa hapa hahitaji kasi kwanza. Anahitaji kujua kukaa juu ya maji akisubiri mtu.

Wakubwa wanajifunza kurusha dumu. Hawaruhusiwi kumfuata anayezama, maana atawakumbatia wazame wote. Dumu tupu la lita 20, kifuniko kimekazwa, kamba mkononi: linatosha kabisa kumweka mtu juu. Nawasisitizia pia kwamba anayezama hapigi kelele. Mdomo unaingia na kutoka majini, hana pumzi ya kuitia. Binamu yangu alikwenda hivyo, watu wamejaa ufukweni. Nilirudi nyumbani kwa msiba ule, sikuondoka tena.

Wakati wa kukusanya kamba mmoja akauliza, "Kocha, wewe ulifika Olimpiki?"

"Nilifika Dar."

Nikawaambia Paris 2024 Tanzania ilikuwa na waogeleaji wawili, Sophia Latiff na Collins Saliboko. Na kwamba mita 100 za wanaume Pan Zhanle wa China alizimaliza kwa sekunde 46.40, mimi siku yangu bora kabisa nilitumia 58. Wakanihurumia kwa dhati.

Saa tatu napita Lyulilo, kwenye soko la vyungu. Mama wa Kikisi huvileta kwa mtumbwi kutoka kijiji cha Ikombe, mzigo umepanda juu. Mmoja nilimsihi afunge dumu kwenye mtumbwi wake.

"Shikamoo mama. Dumu lipo?"

"Marahaba. Lipo, baba. Limejaa pombe ya komoni."

Mchana ni uwakala wa pesa, kibandani, hauna habari. Barua yangu ya kuomba majaketi ya kuokolea bado inazunguka ofisi fulani. Wanabishana kama ombi ni la michezo au la uvuvi.

Saa moja na nusu usiku narudi ziwani kwa mwanafunzi wangu wa siri. Ni mvuvi, miaka 30 na zaidi anavua usipa kwa karabai, na hajui kuogelea. Mbalamwezi ikiwa kubwa usipa haufuati taa, mitumbwi inalala, naye ndipo anapata nafasi. Anakuja usiku asionekane.

Mwera ulishaanza. Nikamwambia tuahirishe.

"Ndiyo maji yenyewe haya," akasema. "Shwari siogopi mimi."

Tukabaki kwenye kina cha kiuno. Akajilaza, wimbi dogo likampita usoni, akaamka anatema. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu akaacha kupigana nalo, likamnyanyua na kumshusha.

"Ngapi?" akauliza, akijipangusa ndevu.

"Kumi na mbili, mzee."

"Mjukuu wangu anatamba nyumbani amefika arobaini."

"Amefika kweli."

Akavuta pumzi, akajilaza tena bila kuningoja.