Sheria ya sokwe: nilivyouza sabuni kwa boti wakati wa Korona

Kabla ya 2020 boti yangu ilikuwa na kazi moja tu, kubeba wageni katika Ziwa Tanganyika, kutoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kwenda hifadhi ya sokwe ya Gombe na kuwarudisha. Ni boti ya mbao yenye turubai juu na injini ya Yamaha ya farasi 15. Tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza wa Korona akatangazwa nchini, Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na mimi nikabaki nachota maji ya mvua ndani ya boti isiyokwenda popote.

Nyumbani mke wangu hupika sabuni ya mise, yaani mafuta ya kokwa za chikichi. Miaka yote ilikuwa biashara ya kununulia chumvi. Ghafla kila duka Kigoma mjini limeweka ndoo yenye koki mlangoni, na miche ya sabuni inaisha kabla haijakauka vizuri. Nikawaza vijiji vya kusini, Sunuka, Sigunga, Herembe hadi Buhingu. Masika barabara ya huko ni tope, na Liemba, meli iliyozoeleka pwani hiyo tangu Mwingereza alipoirudisha kazini mwaka 1927, ilikuwa imelala bandarini.

Nilipomwambia mke wangu, aliniuliza swali ambalo lilininyima usingizi: "Baba, mtawapelekea sabuni au mtawapelekea ugonjwa?"

Jibu nilikuwa nalo bila kujua. Gombe, hata kabla ya Korona, mgeni mwenye mafua haruhusiwi kuwafuata sokwe, na mzima naye anakaa mbali nao, mita 10. Sokwe wanaambukizwa maradhi yetu kirahisi. Mwaka 1966 polio iliwapiga pale pale Gombe, wengine wakapooza. Nimewasikia askari wa hifadhi wakiyarudia hayo kwa wageni mpaka nikayakariri. Basi nikaamua kuwatendea binadamu wenzangu kama sokwe. Sisi wa boti ndio wageni wenye mafua, hata kama hatukohoi.

Nilimchukua mpwa wangu wa kidato cha tatu, maana shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi 17 na alikuwa anazurura. Kabla ya kuondoka tulikaa siku kumi na nne bila kwenda sokoni wala msibani. Msibani ndiko kulikokuwa kugumu, alifariki jirani na sikwenda, na mpaka leo kuna watu wananisalimia nusu.

Tukapakia sabuni, ndoo, chumvi ya Uvinza na madumu manne ya petroli ya lita 20. Tulisafiri kuanzia saa kumi alfajiri, tukatia nanga jua likianza kuchoma na upepo kuamka. Kulala ni ndani ya boti, kupika ni jiko la mkaa kwenye sufuria kuukuu lenye mchanga. Kijijini hatuingii. Tunasimama maji ya kiunoni, nanga nyuma, kamba mbele, mpwa wangu anasukuma bidhaa kwenye ubao mrefu. Mteja anaweka pesa kwenye bakuli la maji ya sabuni, zinafuliwa, kisha zinaanikwa kwenye kamba chini ya turubai. Siku ya kwanza watu walicheka mpaka wakakaa chini. Noti za elfu kumi zikining'inia kama dagaa!

Si wote waliocheka. Kijiji kimoja, sikitaji, mzee wa mwalo, yaani pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, alitusimamisha kwa mkono tukiwa bado mbali. Nilimsalimia kwa Kiha, "Mwakeye, mzee," akaitikia vizuri kabisa, halafu akasema, "Mwanangu, umetoka mjini. Rudi." Nilimweleza ubao, bakuli, siku kumi na nne. Akasikiliza yote. Akasema, "Basi weka sabuni juu ya lile jiwe, uondoke, pesa utaikuta ukirudi." Niliweka miche ishirini nikijua nimeitupa. Wiki ya pili tukirudi kaskazini, pesa ilikuwa juu ya jiwe ndani ya kopo, na samaki mmoja mkavu, mgebuka, juu yake.

Kosa langu kubwa lilikuwa mwezi. Mimi ni mtu wa wageni, si mvuvi, nikasahau kwamba dagaa huvuliwa siku za giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanalala. Tulifika Sigunga mwezi umejaa. Nyavu zimeanikwa, vijana wanacheza bao, na hakuna mwenye shilingi. Tulikaa siku tano tukiuza kwa mkopo na kwa mawese. Tangu hapo nikawa naangalia mbingu kabla ya kuangalia petroli.

La pili ni maji yenyewe. Mwaka ule ziwa lilipanda, likala fukwe na miembe ya watu. Mahali nilipopajua kuwa pa kutia nanga palikuwa na visiki na kuta za vibanda chini ya maji. Tulipokwisha kupita mdomo wa mto Malagarasi, ambapo maji ni ya rangi ya chai ya maziwa na huoni kitu, tukagonga. Jani moja la propela likapinda. Kuingia majini pale kuna mamba, kwa hiyo tuliinua injini na kupiga kasia karibu saa nzima hadi kwenye mchanga, nikalinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Halikunyooka sawasawa. Boti ikawa inatetemeka safari yote, meno yanagongana ukiongea.

Usiku ndio ulionifanya nisijutie. Siku za giza, taa za wavuvi zinajaa ziwani mpaka unadhani kuna mji mwingine upande wa Kongo. Mpwa wangu alikuwa anasomea fizikia kwa tochi, ananiuliza maswali ambayo nayajibu kwa kujifanya nasikiliza injini.

Tulifanya safari tatu. Faida haikuwa kubwa, petroli ililamba nusu, na madeni mengine ya Sigunga yapo hadi kesho. Lakini tulikula, na ada ya shule ikapatikana. Shule zilipofunguliwa Juni 29, mpwa wangu alikwenda kulipa kwa noti zilizofuliwa mara mbili tatu. Mhasibu alizinusa, akamwuliza kama mama yake anauza sabuni.

"Hapana," akamjibu, "ni mjomba."