Unakwenda kwa Nani?

Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne: "Yah: Kuacha Kazi", salamu, sentensi moja ya kuaga, jina langu. Pa tarehe niliacha pengo. Niliikunja mara tatu nikaitia kwenye bahasha ya kaki, bahasha nikaisukuma ndani ya mkoba katikati ya pasi ya kusafiria na kadi ya njano ya chanjo. Ndivyo nilivyoingia stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, barabara ya Nyerere, Jumanne moja ya Julai 2018, nikiwa na likizo ya siku 28 na uamuzi niliotaka kuufanyia njiani.

Mimi ni wakala wa forodha. Meli ikifunga gati na kontena likashushwa, natengeneza nyaraka za transiti ili lori litoke Dar es Salaam likaingie Zambia au Kongo bila mzigo kutozwa ushuru wa hapa. Kwa miaka tisa nimechapa majina ya miji ya njia hiyo, Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi na Kasumbalesa mara nyingi kuliko nilivyoandika jina la mama yangu. Mbali nilikowahi kufika mwenyewe ni Arusha, harusini.

Nilikuwa na shilingi milioni 14 benki. Nilikuwa nimesoma habari za watu walioacha kazi wakazunguka dunia mwaka mzima, na wote walisimulia kama vile kikwazo pekee ni woga: ukiushinda tu, umefika. Nikajiona mwoga, hilo likaniuma. Nikaanza hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28, na anayelipwa kwa mwezi anapaswa kutoa notisi ya siku 28. Nikaona nimepata mwanya: nitoe notisi siku ya kuanza likizo, zote ziishe pamoja, nisikanyage tena ofisini. Dada wa utumishi alinitazama kwa huruma. Sheria hiyo hiyo, akaniambia, inakataza notisi kutolewa wakati wa likizo au kwenda sambamba nayo. Kumbe si mimi wa kwanza kuuona mwanya huo.

Mama, kule Tanga, hakuuliza habari ya notisi wala akiba. Nilipomwambia kwa simu kwamba nakwenda Zambia, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu, mama. Natembea tu."

"Unatembea tu," alirudia, kama anayesoma jina la dawa asiyoijua.

Nilikata daraja la pili, chumba cha vitanda sita, wanawake watupu. Kulikuwa na wasichana wawili wa chuo wanaoshuka Mbeya, mzazi na mtoto wake mchanga, Mholanzi mmoja mwenye begi refu mgongoni, na mama mmoja wa Mpika, Zambia, aliyekuwa amekwisha kuitawala sakafu kwa mabegi manne ya shangazi kaja. Ndani ya mabegi mlikuwa na vitenge, ndala na nywele bandia za Kariakoo. Hakuuliza kama tunaruhusu. Alituuliza tunashuka wapi, mmoja mmoja, akapanga mizigo yake kwa mfuatano wa majibu yetu. Mimi na Mholanzi, tunaokwenda mwisho wa reli, tukapewa begi zito tuliegemeze miguu.

Treni ilipoipita Gongo la Mboto nilichungulia. Huko wamezikwa wataalamu wa Kichina waliofia kwenye ujenzi wa reli hii. Ian Smith, kiongozi wa Wazungu wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, alipojitangazia uhuru wake mwaka 1965, Zambia ilijikuta shaba yake inapita kwa adui ili ifike baharini. Nyerere na Kaunda walibisha hodi nchi za Magharibi, wakaambiwa reli hiyo haitalipa. Aliyekubali ni Mao. Ikajengwa kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860, ikakabidhiwa Julai 1976. Babu wa mmoja wa wale wasichana alikuwa kibarua humo, kwenye mahandaki, na mjukuu alituonyesha kwa mkono jinsi babu anavyodai alivyokuwa akishika sururu. Hakuna aliyethubutu kubisha.

Kabla ya giza tulikata mbuga ya Selous. Twiga watatu walisimama karibu na reli wakitutazama kwa ile dharau yao. Mholanzi alipiga picha zisizo na idadi. Mama wa Mpika hakuinua kichwa. Alikuwa akihesabu pea za ndala.

Usiku ule ndipo tulipozungumza, mimi na Mholanzi, kila mmoja kitandani kwake juu, pua karibu na dari. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliacha kazi mwezi wa Januari, akaanzia Cairo, na alikuwa anashuka taratibu hadi Cape Town. Nikamwambia habari ya bahasha. Alifurahi kweli, akakaa kitako akajigonga kichwa. "Itoe!" alisema. "Hutajuta. Ukifika Ulaya utalala kwangu."

Nikamhesabia kwa vidole kinachotakiwa ili nifike hapo kwake. Viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, yuro 60 wakati huo, hazirudishwi hata ukikataliwa. Bima ya safari yenye fidia isiyopungua yuro 30,000. Taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Tiketi, na mahali pa kulala. Halafu cha tano, ambacho kidole chake kiligoma kukunjika: barua ya mwajiri inayosema mimi ni nani, nalipwa nini, nimepewa likizo ya siku ngapi, na kwamba kazi yangu inanisubiri. Afisa wa viza lazima aamini kwamba nitarudi, na kinachomwaminisha ni ofisi ile ile ninayotaka kuikimbia.

Alikaa kimya mpaka tukavuka stesheni moja. "Kwa hiyo mimi niliacha kazi ili nisafiri," alisema polepole, "na wewe ukiacha kazi, husafiri."

Nilikuwa nalijua hilo tangu zamani. Nimewajazia wateja fomu za namna hiyo. Sijui kwa nini nililazimika kulisikia kwa mwalimu wa Kiholanzi, gizani, ndipo nikalielewa. Zile habari za kuushinda woga ziliandikwa na watu wenye pasi nyekundu, na mimi nilikuwa nazisoma kama vile zimeandikwa kwa ajili yangu.

"Mnanong'ona nini huko juu?" mama wa Mpika aliuliza kutoka chini. Nikamweleza kwa Kiswahili, yote, pamoja na bahasha. Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo, chepesi, chenye Kibemba kidogo pembeni.

"Na huko unakokwenda kuzunguka, unakwenda kwa nani?"

"Mama naye! Hata mama yangu ameniuliza hivyo hivyo."

"Basi ana akili."

Nikamuuliza yeye amesafiri miaka mingapi kwa reli hii. Alikataa neno lenyewe. "Mimi sisafiri, mwanangu. Natafuta." Amekuwa akitafuta kwa miaka kumi na saba. Kariakoo hulala kwa shoga yake wa Kigoma, waliyejuana kwenye foleni ya choo cha treni. Makambako ana kijana anayemwekea viazi. Tunduma yuko dada wa hiari. Mume wa huyo dada alipofariki, yeye alishuka treni akakaa matanga siku saba na mzigo ukachelewa. Alisimulia hayo bila majivuno. Nilijaribu kuhesabu mimi nina watu wangapi kwenye njia ambayo nimeilisha kwa miaka tisa. Nilimpata karani mmoja wa Tunduma ninayemjua kwa sauti ya simu, tena huwa ananifokea.

Asubuhi tulikuwa milimani. Kati ya Mlimba na Makambako treni inaingia handaki, inatoka, inapita juu ya daraja lenye bonde refu chini yake, inaingia handaki tena. Kila giza likitushika mtoto mchanga alinyamaza, mwanga ukirudi alilia. Makambako kulikuwa na baridi ya Julai ya kukata midomo. Wauza viazi walikuwa wamejifunga mablanketi, mikono tu ndiyo imetokeza, na kijana wa mama yetu alikuja mbio na kiroba kichwani akimwita kwa jina kabla treni haijasimama sawasawa. Mbeya wasichana walishuka. Chumba kikapwaya.

Tunduma na Nakonde tulizifika usiku. Niliona taa za malori. Nilijua kuna foleni pale. Kila siku naulizwa na wenye mizigo kwa nini gari halijavuka. Lakini foleni ya kwenye simu haina moto wa mkaa pembeni, wala dereva aliyekaa juu ya ndoo anakoroga ugali chini ya trela, na mwenzake anamshikia tochi. Niliwatazama mpaka dirisha likawapita. Mara ngapi nimemwambia mteja, "Lipo mpakani tu, bosi, wala usijali."

Maofisa wa uhamiaji wa Zambia waliingia behewani. Wetu alikuwa mtu mzima, ameibana tochi kwapani ili mikono yote ipige muhuri. Kwa Mholanzi ilikuwa kazi: dola 50, noti zikageuzwa kwenye mwanga, moja ikarudishwa kwa sababu ya kona iliyochanika, akahangaika kutafuta nyingine ndani ya soksi. Kwangu hakukuwa na viza wala malipo. Mtanzania Zambia anapita. Nisiseme uongo, nilifurahi. Kwa dakika zile kumi, kwenye reli yetu, pasi yangu ndiyo ilikuwa nzito.

Ila fomu ilikuwa na mstari unaouliza kazi. Kalamu ikaganda. Niandike nini? Aliyeacha? Anayefikiria kuacha? Nikaandika wakala wa forodha, Dar es Salaam. Ofisa aliisoma, akaninyanyulia tochi usoni.

"Transiti?" aliuliza, kisha akageukia Kiswahili cha mpakani. "Nyinyi ndio mnatuletea magari haya yote?"

"Ndiyo sisi, mzee."

"Siku moja lete na makaratasi yaliyonyooka." Akacheka, akapiga muhuri, na huku anaufunga mlango akauliza ninakwenda kwa nani huku. Kabla sijafungua mdomo, mama wa Mpika, ambaye nilidhani amelala, alijibu kwa Kibemba. Ofisa akaridhika akaenda zake. Nilipomuuliza amesema nini alijigeuza upande. "Nimesema unakuja kwangu. Lala."

Tukarudisha saa nyuma kwa saa moja, tukalala.

Mama wa Mpika alishuka kwao mchana. Tulimshushia mabegi kupitia dirishani, mimi na Mholanzi, na vijana wawili waliokuja kumpokea. Alitaka kuniandikia namba yake ya simu na mahali pa kibanda chake sokoni. Simu yangu ilikuwa imezima. Nikachakura mkobani karatasi, filimbi ikapulizwa, nikatoa nilichokigusa kwanza. Aliigeuza ile karatasi, akaiegemeza kwenye ubavu wa behewa, akaandika herufi kubwa kubwa za mtu aliyeacha shule mapema. Treni ilikuwa imeanza kusogea aliponirudishia kwa juu. "Shalapo," aliniaga, nami nikamjibu "natotela", asante, neno pekee la Kibemba nililokuwa nimelishika.

Kapiri Mposhi reli inaishia kama sentensi iliyokatwa. Nikapanda basi la Lusaka, kesho yake la Livingstone. Mosi-oa-Tunya, maporomoko ya Victoria, ni kama watu wanavyosema, hata zaidi. Nililowa mpaka nguo za ndani, nikasimama karibu na daraja lile la mwaka 1905 nikiitazama Zimbabwe, ambako nako nisingehitaji viza. Siku nne nililala kwenye nyumba ya wageni iliyojaa wasafiri wa mwaka mzima. Walikuwa watu wema. Waliulizana umetoka nchi gani, unakwenda nchi gani, umebakiza ngapi. Jioni ya tatu nilijikuta nasubiri mtu aniulize lile swali la mama, na hakuna aliyeuliza.

Kwenye Barabara Kuu ya Kaskazini, wakati wa kurudi, basi letu lilisimama nyuma ya lori lenye namba za Tanzania. Niliiona lakiri mlangoni pa kontena. Nikanyoosha shingo niisome namba, kama mwehu. Haikuwa yangu.

Kazi siipendi wala siichukii. Niliyoichoka ilikuwa ile miji isiyo na sura. Na kuacha kazi kabla ya viza kungenifungia nusu ya dunia kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa hiyo mpango uligeuka: za mbali, nitaziomba nikiwa bado na mwajiri wa kuniandikia. Za jirani, Zimbabwe, Namibia, Botswana, hazinidai barua ya mtu, wala hazihitaji nijifukuze kazi.

Jumatatu niliingia kwa bosi, nikaomba likizo bila malipo, miezi mitatu, ianze Januari. Alishusha miwani. Akatoa miwili, tukabishana kidogo, ikabaki miwili. Akaomba niandike barua. Nilifungua mkoba nikaitoa ile niliyokuwa nayo, nikaona mgongo wake umejaa namba na herufi kubwa kubwa, nikairudisha haraka. Nikamwambia nitamletea kesho.

"Miezi miwili yote hiyo," alisema, tayari ameshika simu yake. "Unakwenda kwa nani?"

"Naanzia Mpika," nilimwambia. "Kwa mama mmoja."

"Aa," alisema, akaandika.