Siku niliyodhani RNA yangu imekatika

Jumatatu asubuhi nafungua kompyuta nione simulesheni ya wikendi, yaani kompyuta kuigiza mwendo wa molekuli, imefika wapi, nakuta RNA, ndugu yake DNA, imekatika. Sio imelegea, sio imejikunja vibaya, imekatika, nusu iko upande huu wa skrini na nusu kule mwisho kabisa, katikati maji tupu na mistari miwili mirefu myembamba imekatiza skrini nzima kama kamba ya kuanikia nguo. Moyo ukaanza kwenda mbio. Kichwani nishaanza kutunga kichwa cha makala ya ugunduzi, maana kile kilikua kipande cha marudio ya CAG, yale yale ya ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, na sijawahi kusoma popote kwamba yanajikata yenyewe.

Mwisho wake nitawaambia, ila kwanza niseme nilikua natafuta nini humo ndani, kwa sababu kila nikijieleza kwamba nafanya simulesheni za maumbo ya ajabu ya DNA na RNA watu wananiangalia kama nimesema nafuga majini.

DNA tuliyofundishwa shule ni ngazi iliyosokotwa kwenda kulia, ina herufi nne, A anashikana na T, C anashikana na G, basi. Hiyo ndo ya 1953, ya Watson na Crick. Lakini DNA yenyewe haina habari na kitabu cha shule. Fuwele ya kwanza ya kipande cha DNA kusomwa mpaka atomu moja moja zikaonekana, mwaka 1979, kumbe ilikua inasokota KUSHOTO, uti wake unaenda zigizaga, ndo wakaiita Z-DNA, na ile ya kulia tunayoijua wote ikaja kuonekana kwa ubora huo baadae yake! Mi hiyo huwa inanichekesha kila siku. Alafu kuna ya nyuzi tatu, kuna ya nyuzi nne ambapo G nne zinashikana kwenye mraba, miraba inapangwa kama sahani na katikati panakaa ayoni za potasiamu, na kuna ninayoshinda nayo mimi, uzi mmoja unaojikunja na kujishika wenyewe kama pini ya nywele.

Sasa ugonjwa unaingiaje hapo. Kuna sehemu kwenye jeni zetu herufi tatu zinajirudia rudia, CAG CAG CAG CAG, kila mtu anazo na hazina neno. Tatizo ni idadi. Kwenye jeni ya Huntington, iliyopo kromosomu namba 4 na iliyopatikana 1993, ukiwa na marudio 26 kushuka chini uko sawa, kuanzia 36 ugonjwa unaweza kukupata, ukifika 40 na zaidi unakupata tu kama utaishi umri wa kawaida. Hesabu ya herufi tu, hakuna kitu kingine. Na marudio yakishakua marefu yanapenda kuendelea kurefuka, ndo maana saa ingine mtoto anaugua akiwa na umri mdogo kuliko mzazi alivyougua. Hata ndani ya mtu mmoja yanarefuka, kuna utafiti ulitoka mwanzoni mwa 2025 ukaonyesha kwamba kwenye aina fulani ya seli za ubongo mtu anazaliwa na marudio arobaini na kitu, yanajiongeza taratibu kwa miongo, na seli inaanza kuharibika pale yanapopita kama 150. Nilisoma nikakaa kimya muda mrefu kidogo.

Kwa nini yanarefuka? Hapo ndo pini ya nywele inaingia. DNA ikifunguliwa ili inakiliwe au irekebishwe, uzi wa CAG ukibaki peke yake hausubiri mwenzake, unajikunja, C anapata G wake na G anapata C wake, vizuri tu, lakini yule wa katikati, A, anatazamana na A mwenzake. A na A sio jozi. Ni kama vifungo viwili vya shati vimewekwa pande zote mbili na tundu hakuna. Seli ina mafundi wake wa kurekebisha makosa, wanaona kile kinundu, wanakuja kukarabati, na katika kukarabati wanaongeza marudio badala ya kuyatoa. Fundi ndo anaongeza ufa. Kwa hiyo swali langu lote, miaka hii yote, ni dogo sana ukilisema kwa sauti: wale A wawili wanafanya nini pale katikati?

Maabara wana vyombo vyao vizuri, fuwele, NMR ya kusoma atomu kwa sumaku, mi siwadharau, ila fuwele inakupa picha ya kitu kilichotulia na hawa jamaa hawatulii. Ndo tunaingia kwenye simulesheni.

Jinsi inavyoenda: unachukua pini yako ya herufi ishirini hivi, atomu mia sita na kitu, unaiweka ndani ya boksi la maji. Maji yenyewe ni atomu zaidi ya elfu ishirini, yaani sehemu kubwa ya bili ya umeme inalipwa kwa ajili ya kuhesabu maji, nishakubali. Unaongeza ayoni za kutuliza chaji maana RNA imejaa chaji hasi. Alafu kompyuta inapiga hesabu kila atomu inavutwa na kusukumwa vipi na wenzake, inaisogeza kidogo, inapiga upya. Kidogo ni kidogo kweli, sekunde moja igawanye kwa bilioni, kipande kimojawapo ukigawanye tena kwa milioni, hiyo ni femtosekunde na hatua moja ni femtosekunde 2. Ukitaka kuona mikrosekunde moja tu inabidi hatua milioni 500. Wa kwanza kufanya hivi kwa protini ilikua 1977, kundi la Martin Karplus, protini ndogo ya amino asidi 58, maji ya kuizunguka hamna, na wakapata pikosekunde 9.2 (moja ni femtosekunde elfu). Leo kadi moja ya grafiki, zile za kuchezea gemu, inakupa mara maelfu ya hapo kabla hujaamka. Karplus akaja kupata Nobel ya kemia 2013 pamoja na Levitt na Warshel. Kwa hiyo wachezaji wa gemu, asanteni, mmetushushia bei ya sayansi bila kujua.

Turudi kwenye RNA yangu iliyokatika.

Siku tatu. Nimekaa siku tatu na ile picha, nimeangalia joto, nimeangalia presha, nimeangalia nishati, vyote viko shwari, na ndo ilinitia wazimu zaidi maana bondi ikikatika nishati lazima ishtuke. Siku ya tatu nikamwonyesha mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja, akaangalia kama sekunde nne, akauliza, "Umerudisha kwenye boksi?" Nikahisi joto la masikio.

Ni hivi. Boksi letu halina ukuta, kitu kikitoka kulia kinaingia kushoto, kama nyoka wa kwenye gemu ya simu za zamani. RNA ilikua inaelea zake ikasogea hadi ukingoni, nusu ikavuka, na programu ya kuchora ikaichora ile nusu upande wa pili. Ile mistari miwili mirefu ilikua ni bondi zile zile, nzima kabisa, zimechorwa kuvuka skrini kuunganisha vipande vyangu viwili. Jibu lilikua mbele ya macho tangu Jumatatu! Amri ya mstari mmoja na RNA ikarudi nzima. Mwenzangu hakucheka, na hiyo ndo mbaya zaidi.

Tangu siku hiyo nina utaratibu: nikiona ajabu, mshitakiwa wa kwanza ni mimi, wa pili ni kanuni za nguvu, zile namba zinazoiambia kompyuta atomu zivutane vipi, molekuli inakuja ya mwisho. Huyo wa pili si wa kuonea huruma hata kidogo. Kompyuta haijui RNA ni nini, inajua tu orodha ya namba ulizoipa, bondi hii ngumu kiasi gani, pembe hii inapenda kukaa wapi, na namba zikikosewa inakosea kwa uaminifu wote. DNA za simulesheni za zamani zilikua nzuri mpaka watu walipoanza kuziendesha muda mrefu, wakaona uti wake unageuka kwenye pembe moja alafu haurudi tena, ngazi inaharibika polepole, ikabidi kundi la Barcelona litengeneze marekebisho ya 2007 yanayoitwa parmbsc0. RNA nayo ilikua na ugonjwa wake, inajinyoosha inakua ngazi ya kupandia darini, hakuna msokoto, mpaka watafiti wa Ucheki wakarekebisha jinsi herufi inavyozunguka kwenye sukari yake, ile inayoishikiza kwenye uti. Hebu fikiria ulikua mwanafunzi miaka ile, umepata ngazi iliyonyooka kwenye marudio ya ugonjwa, unaandika tasnifu nzima kuelezea inavyosababisha ugonjwa. Nina uhakika kuna mtu iliwahi kumtokea na kanyamaza.

Na ayoni usizisahau, ukiweka umbo la nyuzi nne bila potasiamu pale katikati G zinaanza kusukumana na linalegea lote, alafu utasema umegundua kwamba halina uimara.

Haya, A wawili. Nilipoacha kujidanganya nikaanza kuwaangalia vizuri. Muda mwingi wanakaa wametazamana kifua kwa kifua, wameshikana kwa bondi moja dhaifu ya haidrojeni, inaachia, inashika, inaachia. Mara moja moja, na unaweza kungoja sana, mmoja anageuza mgongo, anazunguka nusu duara kwenye sukari yake, uti mzima wa pale unabonyea kidogo, C na G wa jirani wanajipanga upya. Alafu anarudi. Ni nadra kiasi kwamba ukiacha simulesheni iende yenyewe unaweza ukakaa wiki nzima usione hata mara moja, ndo tunatumia ujanja wa 2002, metadainamiksi, kila pale molekuli ilipokwisha kukaa programu inamwaga kifusi kidogo, shimo linajaa, molekuli inakosa pa kukaa inalazimika kupanda mlima iende upande wa pili, alafu ukihesabu kifusi ulichomwaga unajua mlima ulikua na urefu gani. Ni kitu kizuri sana hiki, mi sijawahi kukichoka.

Mtu anaweza kuuliza, mlima wa A mmoja una maana gani kwa mgonjwa. Niwape mfano ambao sio wa kwangu, wa ugonjwa wa misuli unaoitwa mayotoniki distrofi aina ya 1. Hapo marudio ni CTG, kwenye RNA yanakua CUG (RNA inatumia U pale DNA inapotumia T), na anayekosa jozi ni U kwa U. Marudio yanapita 50, saa ingine maelfu, RNA inakua pini ndefu kupita kiasi na inanasa protini inayoitwa MBNL1 kama nzi kwenye gundi. Protini hiyo kazi yake ilikua kusaidia kukata na kuunga RNA za jeni nyingine, sasa haipo, basi RNA ya mlango wa kloridi kwenye misuli inaungwa vibaya, na mtu anashika kitasa cha mlango, anataka kuachia, vidole havifunguki mara moja. Umeona mnyororo? U wawili wasiopendana, mpaka kitasa. Na dawa wanazozitafuta, baadhi ni molekuli ndogo za kwenda kukaa hasa pale kwenye U na U ili MBNL1 ipate njia ya kutoka, kwa hiyo ukijua U wanafungua mlango muda gani na kwa upana gani unajua ufunguo wa kuchonga.

Sio marudio yote yanajikunja hivyo. GAA ya ugonjwa wa Friedreich inapenda nyuzi tatu, GGGGCC ya jeni ya C9orf72, iliyogunduliwa 2011 kwenye ugonjwa wa ALS, ule unaoua neva za misuli, inapenda zile sahani za G. Kila moja ina tabia zake na mi siwezi kujifanya nazijua zote.

Mwezi huu niko kwenye CCG, familia ya Fragile X, ugonjwa wa kurithi unaoathiri akili, uzi wa pili wa yale marudio ya CGG ambayo yakizidi 200 jeni inazimwa. Hapo asiye na jozi ni C kwa C, na NMR ilishaonyesha tangu 1995 kwamba kwenye DNA hawa C wanaweza kuchoka wakatoka nje kabisa na kujilaza kwenye mfereji mdogo wa ngazi. Wakitoka, mafundi wa seli wanaona nini? Juzi usiku nikamwona mmoja ametoka. Nimeanza na boksi, sio boksi. Nimeangalia ayoni, ziko mahali pake. Nimebadilisha kanuni za nguvu, bado anatoka. Nimerudia kutoka mwanzo mara tatu, kila mara atomu zinaanza na kasi tofauti, mara mbili ametoka na mara moja amegoma. Ya nne iko kwenye foleni.