Deraya ya Mfalme na Swali la Sonara

Wiki iliyopita nililipeleka jambia la marehemu babu kwa sonara mmoja katika Usita wa Mui, hapa Lamu, kwa kuwa pete moja ya fedha kwenye ala ilikuwa imeachia. Ami huyo ni mtu wa maneno machache. Alipokuwa akiigeuzageuza ala hiyo mkononi, nilimsimulia habari za mkusanyo wa silaha za wafalme wa Uingereza niliouona mjini Leeds, naye akauliza swali ambalo mimi, niliyezunguka humo mchana mzima, sikuwa nimejiuliza: "Mtu aliyefungwa chuma mwili mzima, goti hulikunja vipi?"

Silaha hizo zilikaa kwa karne nyingi katika ngome ya Tower of London, ambako nyingine zipo hadi leo. Jumba la Leeds lilifunguliwa mwaka 1996. Humo mna deraya, yaani vazi la chuma la vita, ya tembo kutoka India, yenye uzito wa kilo 118 ingawa baadhi ya sehemu zake zimepotea, na watoto hawabanduki hapo. Mimi nilisimama kwa muda mrefu zaidi mbele ya deraya iliyotengenezwa mwaka 1520 katika karakana ya Mfalme Henry VIII huko Greenwich, chini ya fundi Martin van Royne, ili mfalme apigane kwa miguu katika michezo ya mkutano wake na Francis I wa Ufaransa, karibu na Calais. Neno deraya sisi tumelizoea katika tenzi za vita, ambamo mashujaa huivaa na kuivua bila msikilizaji kuwahi kuiona.

Hii ina uzito wa zaidi ya kilo 42, na haina upenyo. Nyuma ya goti, ndani ya kiwiko, hata makalioni, mahali ambapo kwa kawaida mafundi waliacha wazi ili mtu aweze kupanda farasi, pamefunikwa vibamba vyembamba vilivyopandana, kila kimoja kikiteleza juu ya mwenzake mwili unapojikunja. Nilimweleza Ami hivyo, nikionyesha kwa vidole.

"Basi ni mgongo wa kamba wa baharini," alisema, akaendelea na kazi yake.

Sijaona maelezo bora kuliko hayo. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa Marekani waliokuwa wakibuni mavazi ya kwendea angani walivichunguza viungo hivyo hivyo, nami nadhani wangeelewana haraka na sonara wetu.

Linalonisikitisha ni kwamba deraya hiyo haikuvaliwa katika michezo ile. Ikiwa imebaki miezi michache tu, Wafaransa walibadilisha masharti, wakataka deraya yenye sketi ya chuma, na mafundi wakalazimika kuunga nyingine kwa haraka kutokana na vipande vya zamani. Ile iliyoshonwa, kama naweza kusema hivyo, kwa kipimo cha kila kiungo cha mfalme ikaachwa bila kumalizwa wala kutiwa nakshi.

Ami alipokwisha kuikaza pete, alilitia jambia alani mara tatu huku ameinamisha sikio. Fedha imeshika, alisema, ila mbao ya ndani imevimba kwa unyevu wa bahari, nirudi Alhamisi.