Wiki ya Tano Nikiwa na Beji Kifuani

Ijumaa, alfajiri. Nimetoka kudeki nyumba ya frataniti, yaani chama cha undugu cha wanafunzi wa kiume hapa chuoni Marekani. Alhamisi usiku wanachama wana sherehe, Ijumaa kabla ya jua sisi mapleji tunasafisha. Sakafu inanata bia, makopo yamezagaa hadi chini ya ngazi. Tuko kumi na mmoja. Mmoja akichelewa wote tunarudia kazi, kwa hiyo siku hizi tunagongeana milango.

Mmekuwa mkiniuliza pleji ni nani. Ni mtu aliyealikwa kujiunga ila bado hajaapishwa. Hapa kwetu kipindi hicho ni wiki nane. Beji ndogo unaivaa kila siku upande wa moyo; niliwahi kuisahau bwenini nikarudi mbio, darasa likanipita. Kuna daftari la kuhoji wanachama wote arobaini na wawili: katokea wapi, anasoma nini, kisha anatia sahihi. Waasisi tunawakariri kwa majina. Alfabeti ya Kigiriki, kuanzia alfa hadi omega, unaitamka njiti ya kibiriti ikiwaka mkononi, na umalize kabla haijafika vidoleni. Jumapili hadi Alhamisi, saa mbili hadi saa nne usiku, tuko maktaba na simu zetu zote zimo kwenye kikapu. Hilo la maktaba nalipenda kwa dhati. Hesabu zilizokuwa zikinishinda Septemba sasa naziweza, maana kuna mwenzangu ananielekeza bila kuchoka.

Babu yangu, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa akitusimulia habari za jando, na mwanzoni nilijiambia haya ndiyo yale yale: kumbi, nyimbo, siri, na kaka mkubwa niliyepangiwa awe kungwi wangu. Sasa naona tofauti. Mwari wa babu alikuwa na siri zake, lakini mama yake alijua yuko wapi na kamkabidhi kwa nani. Mimi hakuna aliyenikabidhi. Mama anajua niko Pennsylvania nasoma, basi.

Jumanne usiku tuliitwa ghorofa ya chini, taa zimezimwa, chupa imewekwa katikati. Tuimalize pamoja, ndiyo tuwe ndugu. Nikasema mimi sinywi. Kimya. Yule anayenielekeza hesabu akasema atakunywa fungu langu, akalinywa juu ya lake.

Nililala sakafuni chumbani kwake. Nilimlaza kwa ubavu, nikawa nasikiliza pumzi zake, simu mkononi. Katika jimbo hili hili, Februari 2017, Timothy Piazza, pleji wa miaka 19, alinyweshwa hivyo, akaanguka kwenye ngazi, na waliokuwa naye wakakaa kwa muda wa karibu saa kumi na mbili bila kuita msaada. Alifariki. Sheria ya 2018 imepewa jina lake, na inasema wazi kwamba hata kama mwathiriwa alikubali, huo si utetezi kwa waliomtendea. Nilikuwa nimeisoma sheria hiyo kabla sijapokea mwaliko. Nikaona hainihusu.

Naandika hili kwa sababu nampenda huyu kijana kama ndugu, na undugu huo ulikuwepo kabla ya ile chupa. Ulitoka kwenye kudeki. Ulitoka maktaba.

Leo nimempigia mama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekauka?”

Nikamweleza yote, hata ya Jumanne. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Nilijiandaa kuambiwa niache leo hii. Badala yake akauliza, “Na huyo mwenzio uliyemlaza, mama yake anajua?”

Nikamwambia sidhani.

“Basi nenda kamwamshe.”

Nimeivua beji, nimeiweka mezani karibu na daftari. Naenda kumgongea mlango.