Korosho zimeanza, mji umechangamka

Msimu wa korosho ukianza tu, kuanzia Oktoba hivi, Mtwara inakuwa mji mwingine kabisa, malori yamepanga foleni, bajaji zinajipenyeza katikati, na ukimuuliza mtu deni lako anakwambia subiri wakulima walipwe. Kila kitu wakilipwa! Mnada ukifanyika leo hela haiji leo, ndo stakabadhi ghalani hiyo, mkulima anaweka mzigo ghalani, unauzwa mnadani, yeye analipwa baadaye, kwa hiyo mangi wa dukani anaandika madeni kwenye daftari huku kanuna.

Bandari mi naifurahia sikatai, lile gati jipya la mita 300 linapokea meli kubwa na korosho zinaondokea hapahapa badala ya kubebwa mpaka Dar. Ila kodi za vyumba sasa! Gesi asilia ilivyokuja huku Mtwara tuliahidiwa mengi, bomba likaenda zake Dar 2015, sisi tukabaki na wenye nyumba waliozoea hela za wageni wa makampuni (wangu hata bomba la maji hatengenezi).

Jioni shuka Feri uone watu wa Msangamkuu, kule ng'ambo, wanavyogombania boti na magunia na kuku wao. Pweza wapo pembeni wanakaangwa, ila kipande kimekuwa kidogo, nikalalamika, dada akacheka, "msimu huu kaka, toa hela."