Jina la Kumi: shajara ya mazoezi, Moshi

Jumatatu, wiki ya tatu

Mvua imeanza saa kumi na moja jioni na mpaka sasa haijakoma. Ukumbi una paa la bati, kwa hiyo leo hakuna neno lililovuka safu ya pili. Mazoezi yamekuwa ya mikono mitupu: nani anashika nini, anakiweka wapi, anamtazama nani wakati huo. Si hasara. Mchezo huu unasemwa na mikono kuliko midomo.

Kwa anayetaka kuujaribu kwingine, habari yenyewe ni hii. Ni usiku mmoja wa Machi 1916, kwenye kihamba kimoja, shamba la migomba lenye nyumba ya familia, juu ya mji wa Moshi. Tarehe 11 na 12 Waingereza na Wajerumani wamepigana kwenye vilima vya Latema na Reata, karibu na Taveta, na Wajerumani wanarudi nyuma kuelekea Kahe. Karani aliyesomea shule ya misheni ameagizwa alete wapagazi kumi kabla ya mapambazuko. Majina tisa yameshaandikwa. La kumi ni la mwenye kihamba, mwenzake wa rika. Akilifuta lazima aandike jingine, maana askari hatasoma karatasi, atahesabu vichwa. Lililo karibu kuliko yote ni la kijana wa jirani. Na usiku huohuo mama wa kijana, ambaye kwenye mchezo tunamwita Bibi tu, anabisha hodi na kigae mkononi, kuomba kaa la moto.

Waigizaji watatu, dakika 45, bila pazia. Jukwaa ni sakafu ya mita 5 kwa 4, watazamaji wakikaa pande tatu kwenye mabenchi. Safu ya mwisho isizidi mita 9 kutoka kwenye mafiga. Ukisogeza mbali zaidi ya hapo, karatasi inakuwa karatasi tu.

Jumatano

Leo ni kata, kibuyu cha kunywea, ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Kwa desturi ya huku mwenye nyumba anaonja kwanza ndipo ampe mgeni, mgeni ajue kinywaji ni salama. Katika sehemu ya kwanza ya mchezo Karani anaipokea kata na kunywa kabla mwenzake hajaonja. Hakuna anayesema kitu. Wazee kwenye mabenchi wanaelewa papo hapo kwamba hawa wawili wameshiba urafiki kiasi cha kuruka desturi. Katika sehemu ya tatu, baada ya jina kufutwa na jingine kuandikwa, kata inatolewa tena. Safari hii Karani anangoja mwenzake aonje.

Basi. Hapo urafiki umekufa, na mwandishi hakuhitaji mstari hata mmoja. Tatizo ni kwamba waigizaji wanataka kuusaidia ukimya huo. Mmoja anakunja uso, mwingine anahema kwa nguvu. Dawa yake ni kuwapa hesabu: Karani anahesabu moyoni mpaka saba, macho kwenye kata, mikono magotini. Akifika tano, ukumbi umeshaacha kukohoa. Ukimwambia “onyesha huzuni” utapata tamthilia ya televisheni.

Ndani ya kata tunaweka uji mwembamba wa ulezi uliopoa, si mbege. Mbege halisi inachacha na mwigizaji anaanza kuteleza ulimi ifikapo zoezi la pili. Mililita 200 zinatosha. Ukijaza kata, mwenye kunywa atatumia nusu dakika akimeza na mwendo wote wa onyesho utakatika. Kata ikaushwe kila baada ya zoezi, mdomo ukiangalia chini, la sivyo siku ya tatu inanuka mpaka safu ya mbele.

Alhamisi

Karatasi. Ile nyeupe ya ofisini inang'aa chini ya taa na kuvuta macho kabla ya wakati wake. Tumechemsha kahawa ya unga, vijiko vinne kwa lita moja, ikapoa, karatasi ikalowekwa dakika kumi na kuanikwa juu ya gazeti. Inatoka na rangi ya kikapu kikuukuu. Zipige pasi kidogo, maana zikijikunja hazilali. Andaa moja kwa kila onyesho na mbili za akiba, kwa sababu mstari ukishafutwa haurudi.

Kufuta kwenyewe hakuonekani. Mtu aliye mita 6 hawezi kuona alama ya penseli, kwa hiyo tumeamua isikike. Karani anaiweka karatasi juu ya sanduku la mbao lililo wazi upande mmoja, na penseli ikipita sanduku linaitikia kama ngozi ya ngoma. Penseli iwe ngumu na isichongwe sana, ncha nyembamba inavunjika. Wazee wetu waliiita kalamu ya risasi, na sidhani kama kuna jina linaloufaa mchezo huu zaidi ya hilo.

Waigizaji wanapaswa kujua jina kwenye karatasi ile lina uzito gani. Wapagazi wa vita vile, wa pande zote mbili, waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa kuliko risasi. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps. Kijana anayeshuka Dar es Salaam kununua nguo Kariakoo analitamka neno hilo kila wiki bila kujua. Tumelitumia hilo siku ya kusoma mezani, na baada yake hakuna aliyesoma orodha haraka.

Jambo jingine lililosaidia ni hesabu ya umri. Karani na mwenzake wana miaka 28. Maana yake walikuwa na miaka 12 tarehe 2 Machi 1900, siku Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, na wenzake 18 waliponyongwa huko na Wajerumani. Haitajwi popote kwenye mchezo. Lakini mwigizaji anayejua kwamba mhusika wake alikuwa mtoto siku ile, ataitikia sauti ya askari nje ya mlango kwa namna nyingine.

Ijumaa

Maneno ya leo yanapenya bila hodi. Katika maigizo ya kubuni papo kwa papo Karani alisema “poa”, kisha “shilingi”. Shilingi ilikuja na Waingereza baada ya vita. Wahusika wetu walikuwa na rupia na hela, na hela ni Mjerumani mtupu, kama ilivyo shule. Tumebandika ukutani karatasi ya maneno yaliyokatazwa: poa, sawasawa bosi, dakika sifuri, shilingi. Inakua kila siku.

Kuhusu Kichaga: ukumbi wa Moshi utacheka lafudhi, hata ufanyeje. Basi cheko litumike mapema. Bibi anapoingia mara ya kwanza kuomba jembe, jioni, anasema maneno mawili matatu ya Kichaga, watu wanacheka, yameisha. Akirudi usiku na kigae chake, Kichaga kilekile hakichekeshi tena. Tulipoanza, maneno hayo yalikuwa usiku peke yake, na mabenchi yaliangua kicheko pale ambapo Karani alikuwa ameshika jina la mtoto wa mama huyu.

Bibi akiingia, wanaume wote wawili wanasimama. Ni adabu ya kawaida, lakini angalia inachofanya: Karani akisimama karatasi inabaki juu ya sanduku, wazi. Inambidi aikalie au aifunike. Bibi hajui kusoma. Karani anajua kwamba hajui, na bado anaifunika.

Jumatatu, wiki ya nne

Kigae kimetutesa. Moto halisi hatuutaki: mkeka, majani makavu ya migomba na watu themanini ndani ya mlango mmoja ni balaa. Kaa la moto linatengenezwa hivi. Chukua kipande cha chungu kilichovunjika, upana wa kiganja. Weka taa mbili ndogo za LED za rangi ya chungwa na betri ya kitufe ya volti 3, na swichi ndogo ya kubonyeza chini, mahali kidole gumba kinapokaa. Funika kwa vipande vya mkaa vyenye ukubwa wa punje ya karanga, vigandishwe kwa gundi ya mbao, ukiacha nyufa za kupitisha mwanga. Gundi ikiwa bado mbichi paka jivu kidogo kwa kidole. Jivu lisimwagwe bure juu. Bibi akipuliza linamwingia puani, na onyesho linageuka la kikohozi.

Akipuliza, gumba linabonya na kaa linawaka. Akiacha, linafifia. Inahitaji mazoezi ya siku mbili ili pumzi na gumba vipatane. Gumba likitangulia, ujanja umefichuka. Na betri ibadilishwe kabla ya kila onyesho, hata kama bado inawaka.

Moto wa jikoni ni taa mbili za LED za wati 20 zenye mwanga wa njano, nyuma ya mafiga, zikimulika juu. Mwanga wa chini pekee unawafanya watu wote waonekane kama mizimu, kwa hiyo taa ya tatu inaelekezwa kwenye shuka jeupe juu ya ubavu wa jukwaa ili nuru irudi imelegea. Umeme ukikatika kuna taa mbili za chaji zilizojaa, nyuma ya benchi la kushoto. Waigizaji wasisimame kungoja. Waendelee kuongea gizani, wa pembeni awashe.

Jumatano

Sanduku la mzigo. Mwisho wa mchezo mwenye kihamba, akishajua kilichofanyika kwa ajili yake, anasogelea sanduku lililoachwa mlangoni, anaweka ngata kichwani na kulinyanyua mpaka gotini. Taa zinazimwa hapo. Mzigo wa mpagazi ulifika kilo 25 hivi; sisi tunaweka 15 za mchanga. Sanduku tupu halidanganyi mtu: shingo haikazi, pumzi haibadiliki, kidole kimoja kinatosha. Mchanga uingie kwenye mifuko miwili ya plastiki, kisha kiroba, ukifungwa kwa kamba ya katani. Mfuko mmoja ukitoboka, mchanga unaanza kuchuruzika wakati wa ukimya, na watoto watauangalia huo tu. Sanduku la mzigo na lile la kuandikia ni mawili tofauti. Kujaribu kutumia moja kwa kazi zote kunaua ile sauti ya penseli.

Ngata ni ya majani makavu ya migomba, isokotwe siku hiyohiyo. Ya jana inakatika.

Watu kadhaa wameuliza kwa nini hakuna isale, jani la Wachaga la kuombea msamaha. Kwamba Karani angemaliza kwa kumpa Bibi jani, aombe msamaha. Inavutia, na ndiyo sababu tumelitoa. Kwa Mchaga isale halikataliwi. Likishatolewa, anayeombwa amefungwa, hana budi kusamehe. Kwa hiyo Karani angejilipia deni kwa jani moja, na Bibi ambaye hakuulizwa kitu tangu mwanzo angelazimishwa na hilo nalo.

Ijumaa

Vita. Kila kundi linataka mizinga. Tumeruhusu minne tu katika dakika 45. Ngoma kubwa iliyofunikwa blanketi inapigwa mara moja kwa ngumi, nje ya ukumbi, hatua kumi kutoka mlango wa nyuma. Ngoma ya ndani inasikika ni ngoma. Mlio wa kwanza uje wakati marafiki wanacheka. Mvua ikinyesha kweli, mpiga ngoma apumzike. Mwaka ule masika yalishuka baada ya Moshi kutekwa na kuziba njia za majeshi, kwa hiyo mvua juu ya bati iko mahali pake, ila waigizaji wapunguze mwendo na kusema herufi za mwisho za maneno. Kunong'ona kwa pumzi hakufiki popote. Sauti iwe ya chini lakini yenye koo, uso ukiwa robo kuelekea mabenchi.

Askari haonekani. Ni sauti nje na kivuli cha tarbushi ukutani. Sababu ya kwanza ni ya jukwaa: akiingia, lawama zote zinamwendea yeye na Karani anapona. Ya pili ni ya sheria. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi, na hata kaki ya zamani inaweza kukuletea maswali njiani. Kivuli hakikamatwi.

Vibali: anza kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, mwezi mzima kabla, ukiwa na nakala za mswada. Michezo ya jukwaani inaguswa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na kundi lenyewe lisajiliwe BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ni karatasi za kuchosha, ziishe mapema.

Jumamosi

Zoezi la mwisho kabla ya watazamaji. Tumewabadilisha nafasi: Bibi akacheza Karani, Karani akacheza Bibi. Aliyekuwa Karani alikaa pembeni ya mafiga na kigae mkononi, akiangalia mtu mwingine akifunika karatasi. Alipuliza kaa mara moja, akasahau gumba, kaa halikuwaka. Hakuna aliyemsahihisha.

Baada ya onyesho kutakuwa na nusu saa ya maongezi. Swali ni moja, na linaulizwa taa zikiwa bado za njano: ungeandika jina la nani? Msimamizi asijibu, asifupishe, asishukuru kila anayesema. Kipaza sauti kianzie benchi la nyuma, kwa kina mama, maana kikianzia mbele hakitoki mikononi mwa wazee. Kata, karatasi na kigae vibaki sakafuni vilivyoachwa. Vikusanywe watu wakishatoka.